Rula inasema sawa, macho yanasema MA WESE

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Mwanga hapa Kigoma, nina kibanda cha stika, mihuri na fulana. Kikundi cha akina mama wanaokamua mawese kimenipa kazi ya kuwatengenezea jina la kuweka kwenye madumu, chupa na bango la duka. Wanataka MAWESE kwa herufi kubwa nene, na chini yake YA KIGOMA kwa herufi ndogo zaidi. Nimezipanga herufi moja moja kwenye programu ya kuchora ya CorelDRAW, na kati ya herufi na herufi nimeacha nafasi ileile, milimita 5. Nimechapa, nimepima kwa rula, ziko sawa kabisa. Nilipowapelekea, mama mmoja akacheka, akasema imeandikwa MA WESE, watu watadhani wanauza wese la bodaboda. Nimebadilisha fonti tatu, hali ni ileile. Kosa ni langu, la fonti au la kompyuta? Halafu katibu wao anataka herufi ziachane sana, kama nembo za kisasa anazoziona kwenye simu. Nimkubalie?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nilivyosoma swali lako nimecheka mwenyewe hapa Tabora, si kwa ajili yako, ni kwa ajili ya huyo mama. Hajawahi kushika programu ya kuchora, lakini ameona kosa ambalo rula yako imeshindwa kuliona. Usibishane naye. Hata ukibadilisha fonti 30, ataendelea kusoma MA WESE, kwa sababu fonti haina kosa. Ulichopima ndicho siyo chenyewe.

Rula inapima kutoka ncha hadi ncha: mguu wa M unapoishia mpaka mguu wa A unapoanzia. Jicho halina habari na ncha. Linaona vipande vya weupe vilivyobaki kati ya herufi, vikubwa na vidogo, na palipo na kipande kikubwa kuliko vingine, hapo ndipo linapokata neno. Kwa hiyo kinachotakiwa kiwe sawa ni weupe wenyewe, na umbali ufuate baadaye.

Nisikuambie kwa maneno matupu. Leo asubuhi nimechukua karatasi ya grafu nikachora neno lako, herufi zisizo na mikia, kimo milimita 100, nafasi zako zilezile za milimita 5. Tuanze na M na A. Chini, kwenye miguu, pengo ni milimita 5 kama ulivyotaka. Lakini A inaanza kujirudi nyuma kadiri unavyopanda, na ikifika juu imeshaondoka milimita 43. Kule juu, basi, pengo siyo 5, ni 48. Ukichukua wastani ukazidisha kwa kimo, unapata sentimita za mraba 26 na nusu za weupe.

Njoo kwenye A na W. Hapa ndipo penye balaa. A imejirudi kwa juu, W nayo imejirudi kwa chini, kama watu wawili waliokaa kwenye benchi moja huku wakikwepana. Kwenye mchoro wangu pengo ni milimita 48 juu na 30 chini, na weupe wake ni sentimita za mraba 39. Kutoka W kwenda E, 17 na nusu. Halafu unafika kwenye E na S, kisha S na E ya mwisho: hapo hakuna mteremko wowote, mgongo wa S tu umejipinda kidogo, na weupe haufiki hata sentimita za mraba 10.

Sasa zisome kwa mpangilio: 26, 39, 17, halafu mbili ambazo hazifiki 10. Pengo kubwa kuliko yote liko baada ya A, na kutoka hapo herufi zinazidi kubanana mpaka mwisho. MA. WESE. Mama kasoma kilichoandikwa.

Mimi nilifundishwa hivi: chukulia mapengo ni vyombo, na una kibaba kimoja. Kila pengo limiminie kibaba kilekile cha mafuta. Likifurika, herufi zimebanana, zisogeze. Likibaki na nafasi, zimeachana, zivute. Kwako wewe, unayeandika jina la mawese, mfano huu hauhitaji maelezo zaidi.

Ila kuna jambo moja kuhusu kibaba hicho. Usikifuate kihesabu mpaka mwisho, utaharibu kazi. Jicho halihesabu weupe wote kwa bei moja. Weupe ulio ndani kabisa kati ya herufi mbili linauona mzito. Ule wa pembeni, ulio wazi juu au chini kama mdomo wa bakuli, linauona mwepesi kidogo kwa sababu umechanganyika na karatasi yote iliyobaki. Ndiyo maana hakuna fomula iliyomaliza kazi hii, na ndiyo maana mafundi bado tunalipwa. Kilichopo ni mpangilio wa kuanzia: miguu miwili iliyosimama wima ikikutana, kama I na E, ndiyo inayopewa umbali mkubwa kuliko zote. Wima na duara, kama I na O, unapunguza. Duara na duara, kama O mbili, unapunguza tena. Ikija mteremko, A, V, W, Y, au herufi yenye kwapa wazi kama T, umbali unakuwa mdogo kuliko wote, mara nyingi chini ya sifuri.

Chini ya sifuri, ndiyo. Hapo ndipo wengi wanapoogopa. Wanadhani kila herufi ina uwanja wake na jirani haruhusiwi kuingia. Kwenye neno lako W lazima iingie uwanja wa A: ncha yake ya juu ije isimame juu ya mguu wa A. Hazitagusana, maana moja iko juu na nyingine iko chini.

Kwa herufi za kimo cha milimita 100, ningekuanzishia hivi. M na A: 3. A na W: hasi 10, yaani W inapanda juu ya uwanja wa A kwa milimita 10. W na E: 6. E na S: 7, kwa sababu mikono ya E iko wazi na weupe wa ndani yake unavujia nje. S na E: 11, kwa sababu E inampa S mgongo ulionyooka na hakuna weupe wa kuazima. Ukipima kwa rula zako utaona fujo tupu: 3, hasi 10, 6, 7, 11. Ukisimama hatua nne nyuma utaona neno moja. Kisha acha namba zangu utumie macho yako, kwa sababu A ya fonti yako pengine ni nyembamba kuliko niliyochora.

Tahadhari moja ndogo ambayo imenipotezea masaa mengi nilipokuwa najifunza: unapoivuta W, vuta WESE yote kwa pamoja. Ukivuta W peke yake, umeziba pengo moja na kufungua jingine, na utazunguka humo mpaka umeme ukatike.

Kuhusu kompyuta kukuangusha: hapana, wewe ndiye uliyeinyima nafasi. Ulipovunja neno likawa herufi moja moja, kisha ukaamuru zipangwe kwa nafasi sawa, ulitupa kazi aliyokwisha kuifanya mchora fonti. Ndani ya faili la fonti nzuri kuna jedwali la jozi, na kila jozi ngumu imepewa namba yake. Fonti nyingi zinagawa ukubwa wa fonti vipande 1,000, na jozi kama AW inaweza kuandikiwa hasi 50 au zaidi, maana yake zivute kwa vipande 50. Mafundi huita keningi: kurekebisha nafasi ya jozi moja moja. Nafasi inayoongezwa au kupunguzwa kwa neno zima kwa kipimo kimoja ni trakingi. Watu wanazichanganya sana. Tatizo lako wewe ni keningi, tatizo la katibu ni trakingi, nitalifikia.

Neno lenyewe keningi linatoka kwenye herufi za madini ya risasi. Tangu enzi za Gutenberg, mchapaji wa Kijerumani kule Mainz, miaka ya 1450, kila herufi ilikuwa kijiti cha madini ya risasi, bati na antimoni, na vijiti vilipangwa ubavu kwa ubavu. Kijiti kina pembe nne. A ikikaa kwenye kijiti chake na W kwenye chake, huwezi kuziingiza moja ndani ya nyingine bila kukata chuma. Palipokuwa na ulazima, hasa kwa herufi kama f, kipande cha herufi kiliachwa kining'inie nje ya kijiti, juu ya bega la jirani, na kilikuwa kinavunjika kwa urahisi. Kipande hicho kinachoning'inia ndicho kilichozaa jina. Ukipata kitabu cha zamani chenye chapa ya T.M.P. Tabora, kiwanda cha uchapaji cha misheni, tazama vichwa vya habari vya herufi kubwa, utafute jozi zenye A uone zimekaaje. Ni shule ya bure. Kompyuta ilirithi vile vijiti vya pembe nne, ikaongezewa ruhusa ya kupandana. Wewe ukaivua ruhusa.

Kwa hiyo rudi nyuma. Andika MAWESE kama neno zima, usilivunje, uone fonti yenyewe inalipangaje. Kwenye CorelDRAW bonyeza F10, kila herufi itatoa kijinukta chini yake, na hicho unakikokota kushoto au kulia. Kwenye Illustrator au Inkscape unaweka kishale cha kuandikia kati ya herufi mbili, unashika Alt na kubonyeza mshale wa kushoto au kulia. Inkscape ni ya bure, kama leseni inakusumbua. Programu nyingi za kwenye simu zinakupa trakingi tu, huwezi kugusa jozi moja. Usifanyie jina la mteja humo.

Sasa hili linalofuata nalitilia mkazo kwa sababu sijaliona likiandikwa kwa ajili yetu. Mafunzo mengi ya kazi hii yameandikwa na Waingereza na Wamarekani kwa maneno yao. Watakuonya kwamba r ikikaribiana na n itasomeka m. Ni kweli, lakini kwenye Kiswahili r na n karibu hazikutani kabisa, kwa sababu silabi zetu nyingi zinaishia na irabu. Mzigo wetu uko kwingine: uko kwenye A. Tazama mabango ya mtaani kwako uhesabu ni mara ngapi A inafuata konsonanti. WA, YA, TA, VA, PA, FA: hizi zote zina shimo, unazivuta. Halafu kuna kundi la pili, baya zaidi: LA, KA, RA. Hapa miguu inagongana chini huku juu kuko wazi kama uwanja wa mpira. L imelaza mguu wake chini, A imetanua wake, zinakutana kidole kwa kidole, na juu yake weupe mtupu. Huwezi kuivuta maana itagusa, na huwezi kuiacha maana ina shimo. Jina la mji wangu lina kundi zote mbili: TABORA inaanza na TA ya kuvuta, inamalizia na RA isiyovutika.

Dawa ya jozi isiyovutika ni kuigeuza kuwa kipimo. Itafute kwanza, ibane mpaka inapoweza kufika salama, kisha legeza nyingine zote zilingane nayo. Chukua DAGAA, neno ambalo najua litakujia kesho au keshokutwa kwa mteja wa Kibirizi. Zile A mbili za mwisho zinagusana miguu na kuacha pembe kubwa wazi juu. Ukiipanga D, A na G kwa kubanana kama fonti inavyopenda, utapata DAGA, halafu A yatima. Anza na AA, weka miguu ikaribiane kabisa, kisha mpe D na G hewa mpaka AA isionekane tofauti.

Nilijifunza hili kwa aibu. Nikiwa bado naandika mabango kwa brashi, nilipewa bango la duka la dawa, jina la mwenyewe silitaji. DUKA LA DAWA, herufi nyekundu, bati jeupe la mita tatu. Nilipima kwa kamba kama ulivyopima kwa rula. Nikapanda ngazi, nikapaka, nikashuka, nikaondoka kwa furaha. Kesho yake nikapita upande wa pili wa barabara nikasoma DUKAL ADAWA. Shimo la ndani ya LA lilikuwa kubwa kuliko nafasi niliyoacha kati ya maneno. Wateja walinunua dawa bila shida, lakini vijana wa pale waliniita Adawa mwaka mzima. Kwa hiyo ukisharekebisha herufi, rudi kwenye nafasi za kati ya maneno: lazima ziwe kubwa kuliko shimo kubwa kuliko yote lililobaki ndani ya neno, na zisizidi sana. Nafasi inayoweza kumeza herufi I ya fonti hiyohiyo, pamoja na hewa yake ya kila upande, kwa herufi kubwa inatosha.

Na kama siku moja utaandika NYAMA YA NG'OMBE, au hata jina la mtaa wetu wa Ng'ambo, chunga kile kikoma cha juu. Fonti nyingi hazijawahi kufikiriwa kwa ajili ya ng', na chini ya kikoma unabaki mlango wazi: NG, kisha OMBE. Tumia kikoma kilichopinda kama 9, siyo kile kilichonyooka cha kibodi, kisha ivute O ijikunje chini yake. Duara la O linampisha kikoma vizuri tu.

YA KIGOMA nitaipita haraka. Y na A zivute. I na G zinahitaji umbali mdogo kuliko unavyodhani kwa sababu G ni duara. K iko wazi ubavuni, kwa hiyo I isogee kidogo kwake. M na A ni kama kule juu. Lakini kwa kuwa mstari huu ni mdogo na wote ni herufi kubwa, baada ya keningi uongezee trakingi, vipande 50 hadi 100 kwa 1,000. Herufi ndogo kwa kimo zinahitaji hewa zaidi, kubwa zinahitaji pungufu. Ndiyo maana jina lililopangwa vizuri kwenye kadi likikuzwa kuwa bango linaonekana limelegea.

Katibu sasa. Usimkatalie kwa sababu eti siyo kisasa au ni kisasa mno. Mwonyeshe hesabu. Ukiongeza milimita 20 kwenye kila pengo la mchoro wangu wa kwanza, lile pengo baya la A na W linatoka sentimita za mraba 39 kwenda 59, na lile la wima tupu, ambalo lingekuwa 5, linakwenda 25. Mwanzo kubwa lilikuwa karibu mara nane ya dogo, sasa ni mara mbili na ushei. Kutawanya herufi kunaficha makosa, na nadhani nusu ya nembo anazoziona kwenye simu zimetawanywa kwa sababu hiyo tu. Siku hizi ni kutawanya, miaka ya 1970 ilikuwa kubana: herufi zilipoanza kupangwa kwa picha badala ya risasi, Herb Lubalin na wenzake kule New York wakazisukuma mpaka zikapandana mabegani, na dunia ikawafuata. Mitindo inapita. Dumu la mawese linabaki sokoni.

Na dumu ndilo linalompinga katibu. Kama lebo ya chupa ina upana wa milimita 70 na ukaacha 5 kila pembeni, una 60. Ukitawanya mpaka mapengo matano yachukue 30, herufi sita zinabaki na 30 nyingine, milimita 5 kila moja, nyembamba kama bua. Chupa nayo ni duara: M na E ya mwisho zinageukia nyuma, mnunuzi anaona AWES. Herufi zilizokaribiana zinakupa kimo, na kimo ndicho kinachosomeka kutoka ng'ambo ya meza ya muuzaji. Kama anataka kutawanya, mpe YA KIGOMA atawanye atakavyo.

Usibane sana pia. Ukichapa kwenye dumu kwa skrini ya kitambaa, wino unatambaa pembeni, na pengo jembamba la kwenye kompyuta linazibika. Jaribu kwanza kwenye dumu bovu. Nyeupe juu ya nyekundu inahitaji hewa kidogo zaidi ya nyekundu juu ya nyeupe, maana nyeupe hung'aa na kuonekana imevimba. Bango la dukani ni faili jingine tena: litasomwa na mtu aliye kwenye bodaboda, kwa mbali na kwa pembe, kwa hiyo ongeza trakingi kidogo, vipande 20 au 30. Tengeneza faili tatu, la dumu, la chupa na la bango, na uwatoze kwa tatu.

Ukishazoea, weupe huo unaweza kufanya kazi yenyewe. Mwaka 1994 mchoraji Lindon Leader alichora nembo ya FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi, na kati ya E na x akaacha weupe wenye umbo la mshale. Hakuuchora mshale, alizirekebisha herufi mpaka ukajitokeza. Kwako wewe, kati ya A na W kuna utepe mweupe unaoteremka. Sasa hivi umepanuka juu kwa sababu mteremko wa A umelala kuliko wa W. Ukiichora A upya iwe nyembamba kidogo, miteremko ikalingana, utepe ule unakuwa na unene mmoja kutoka juu hadi chini, unaweza hata kulingana na unene wa miguu ya herufi. Hapo fonti inageuka kuwa jina la hawa akina mama peke yao. Lakini usiguse hilo kabla mapengo hayajakaa sawa.

Namna ya kujipima: chapa neno, chukua kadi mbili za biashara, ziba kila kitu uache herufi tatu tu. MAW. Je, A iko katikati, au inaelekea upande mmoja? Sogeza kadi: AWE. Kisha WES, kisha ESE. Ni macho mawili na herufi tatu, hakuna cha kukubabaisha. Baadaye geuza karatasi juu chini. Neno linaacha kuwa neno, linabaki maumbo, na shimo lililojificha linajitangaza. Mimi huwa nabandika ukutani nalala, asubuhi nalitazama kabla ya chai. Nikiona kitu kwa sekunde ya kwanza, kipo.

Ukitaka zoezi lisilo la mteja, andika LIEMBA. Ile meli yenu ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, herufi 13, na iliporudi ziwani mwaka 1927 ilikuwa na jina la herufi sita tu. L yenye shimo juu, kisha miguu wima mfululizo, I, E, M, B, halafu A inayotoroka mwishoni. Panga kwanza bila kutazama ubavuni mwake, kisha shuka bandarini ulinganishe.

Na hiyo MAWESE ikishakaa, nitumie picha ya dumu lenyewe juani, siyo ya kioo cha kompyuta. Mwoneshe na yule mama, usimwambie umebadilisha nini, mwambie tu asome.